Mkono Haupimi Homa

Ndugu msomaji, wewe unayejua kusoma namba, usipime homa ya mtoto kwa mkono. Mkono uliotoka kwenye maji ya baridi huona kila mwili una moto. Tumia kipimajoto. Kiweke kwapani. Mtu mwenye afya huwa na nyuzi 37 hivi za Selsiasi. Zikifika 37.5, mtoto ana homa. Mpeleke zahanati siku hiyo hiyo, apimwe malaria. Vipimajoto vingine vina alama F, yaani Farenhaiti. Hapo 99.5 ni sawa na 37.5 za Selsiasi. Basi, soma herufi kwanza, kisha namba. Kila darasa la kisomo lifundishe jambo hili. Kusoma kipimajoto nako ni kusoma, na huokoa maisha.