Mkoa unaosomesha bingwa wa upasuaji usomeshe na wa patholojia

Chupa yenye mdomo mwembamba haifai kuwekea kinyama. Ningekuwa na mamlaka ningeliandika hilo kwenye mlango wa kila chumba cha upasuaji nchini. Kinyama kikitoka mwilini kinakuwa laini, kinapenya mdomo wa chupa ya maji bila shida. Kikilala ndani ya fomalini, dawa ya kukihifadhi, kinakakamaa na hakitoki tena. Inabidi niikate chupa kwa wembe, huku nikiomba nisijeruhi kile nilicholetewa nikichunguze. Na huyo aliyetia fomalini amenisaidia sana. Kuna vinyama vinavyoletwa vimelowekwa kwenye maji ya dripu, vimeshaoza, na fomu iliyoambatana navyo ina neno moja tu: "Uvimbe." Uvimbe wa wapi? Wa mtoto au wa mtu mzima? Ulianza lini? Hakuna.

Mimi ni daktari bingwa wa patholojia katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa. Watu wengi wakisikia jina la fani yangu wanafikiria mochwari. Shangazi yangu wa Musoma, ambaye ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye dagaa wake, aliposikia nakwenda Dar es Salaam kusomea shahada ya uzamili ya patholojia aliniuliza, "Mwanangu, yaani usome miaka yote hiyo, halafu ukaangalie maiti?" Nilimjibu kwa heshima, na leo nawajibu wote wanaouliza hivyo. Uchunguzi wa maiti ni sehemu ya kazi yetu, na mahakama inautegemea. Lakini sehemu kubwa ya siku yangu ni ya watu walio hai, wanaosubiri kuambiwa kama kile walichokatwa ni saratani au siyo, na kama ni saratani, ni ya aina gani. Aliyewakata hajui mpaka nimwandikie. Daktari wa mionzi haanzi mpaka aione karatasi yangu. Anayepanga dawa naye vilevile.

Ndiyo maana nasema: mkoa wowote unaomsomesha daktari awe bingwa wa upasuaji umsomeshe na mwingine awe bingwa wa patholojia, kwa fedha za fungu lilelile, na umsomeshe pamoja na mteknolojia wa maabara atakayefanya naye kazi. Bila hivyo tunaongeza idadi ya vinyama vinavyokatwa, na hakuna wa kuvisoma.

Nitoe mfano wa ugonjwa wa kwetu kabisa. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, akiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, alionyeshwa mtoto aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Baadaye akakutana na mwingine kama huyo Jinja. Mwaka 1958 aliandika juu ya watoto hao, na ugonjwa ukaja kuitwa kwa jina lake. Anastahili. Lakini pale Kampala palikuwa na wanapatholojia, akiwamo Jack Davies, mtu aliyeanzisha rejista ya saratani ya Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Mmarekani Gregory O'Conor. Watoto wenye uvimbe wa taya, wa figo, wa ovari, wa tumboni, walikuwa wakiandikiwa magonjwa tofauti tofauti. Wanapatholojia walipozilinganisha slaidi zao wakakuta ni seli zilezile, ni limfoma moja, yaani saratani ya seli za limfu, inayojitokeza mahali pengi. Mwaka 1964 watafiti Epstein, Achong na Barr wakatangaza kutoka London kwamba wameona kirusi ndani ya seli za uvimbe huo, uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Hicho ndicho kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Elimu hiyo, inayofundishwa leo katika vyuo vya udaktari duniani kote, ilianza kwa vinyama vya watoto wa ukanda huu wa ziwa. Na kinachoniuma ni hiki: limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa saratani zinazokua kwa kasi kuliko zote, seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili, na kwa sababu hiyohiyo ya kukua haraka inasikia dawa vizuri. Mtoto akiwahi, anaweza kupona kabisa. Sasa chukua mtoto wa Rorya au Ukerewe. Mama amehangaika na jino, kisha na jipu, kisha kinyama kimekatwa na kuwekwa kwenye boksi kusubiri gari linalokwenda mjini. Majibu yakirudi baada ya mwezi yanamkuta mtoto keshazikwa.

Mara ya kwanza kuiona limfoma hiyo kwa macho yangu nilikuwa mwaka wa kwanza wa uzamili. Tunasomea kwenye hadubini yenye vichwa viwili, mwalimu upande huu, mwanafunzi upande ule, wote mnatazama slaidi moja. Niliropoka jina la ugonjwa kabla sijatulia. Mwalimu akanizuia: "Usinipe jina, Dokta. Niambie unaona nini." Nikaanza upya. Naona buluu iliyokoza eneo zima. Naona seli za ukubwa mmoja, zimebanana. Naona nyingi ziko katikati ya kugawanyika. Na humo ndani, hapa na pale, naona madoa meupe. Akaniuliza madoa hayo ni nini, akaniacha nihangaike nayo kwa muda mrefu. Ni seli walaji, zimejaa mabaki ya seli zilizokufa; uvimbe unaozaliana kwa kasi hiyo hufa pia kwa kasi, na kuna wanaozoa. Vitabuni sura hiyo inaitwa anga lenye nyota. Tangu siku hiyo sijawahi kulitaja jina la ugonjwa kabla ya kueleza ninachokiona, hata nikiwa peke yangu.

Hiyo ndiyo shahada yenyewe. Miaka mitano ya udaktari, mwaka mmoja wa utarajali, na kwa wengi wetu miaka kadhaa ya kazi wilayani. Kisha miaka mitatu ya kufundishwa kutazama. Na kabla ya kutazama kuna kukata. Titi likitolewa na daktari wa upasuaji linatufikia likiwa na mafuta ya kwapa. Humo kwenye mafuta kuna tezi za limfu, nyingine ndogo kama punje ya mtama, na hakuna mashine ya kuzitafuta. Unazitafuta kwa vidole, umevaa glovu, harufu ya fomalini inakutoa machozi, unayaminya mafuta taratibu mpaka uhisi kitu kigumu kinakwepa. Idadi ya tezi zilizoingiwa na saratani ndiyo inayosaidia kupanga matibabu ya mama yule. Rezidenti, daktari anayesomea ubingwa, akichoka akaishia tezi nne wakati zipo kumi na tano, karatasi itatoka safi, imepigwa muhuri, na haitakuwa kweli. Nimefundishwa na watu waliokuwa wakirudisha mafuta mezani na kuniambia, tafuta tena.

Baada ya hapo kazi inashikwa na mteknolojia, na hapa naomba msomaji anivumilie, maana ndipo mipango yetu inapovunjikia. Kinyama kinapitishwa kwenye alkoholi za nguvu mbalimbali mpaka maji yote yaishe, kinaingia zailini, kinaingia nta ya moto, kinagandishwa kuwa bloku. Bloku inakatwa kwa mashine yenye kisu kikali sana, unene wa maikroni tatu au nne. Kinachotoka ni utepe unaoelea juu ya maji ya uvuguvugu, na mteknolojia anauokota kwa slaidi bila kuukunja. Unatiwa hematoksilini, rangi ya asili inayotoka kwenye mti wa Amerika ya Kati, kisha eosini. Umeme ukikatika usiku na mashine inayopitisha vinyama kwenye alkoholi na nta ikasimama katikati, asubuhi vinyama vya wagonjwa wa siku nzima vinaweza kuwa vimekauka. Mkono ukitetemeka kwenye kisu, mimi nitaona mikunjo na mipasuko badala ya seli, na ubingwa wangu wote hautasaidia kitu.

Kwa hiyo daktari akisomeshwa peke yake, hujasomesha huduma. Mwenzangu mmoja niliyesoma naye, kichwa kizuri kuliko changu, alimaliza akapangiwa hospitali isiyo na mashine ya kukatia bloku wala mtu aliyewahi kuishika. Aliandika barua ya kuomba vifaa, akaandika nyingine. Akapewa kusimamia benki ya damu, na polisi walipokuwa na mwili wa kuchunguzwa walimwita. Kazi hizo zote zina umuhimu wake, lakini hazikuwa zile alizosomeshwa kwa fedha za wananchi miaka mitatu. Aliondoka.

Sensa ya mwaka 2022 ilituhesabu watu milioni 61.7. Nchi nyingi za Afrika kusini mwa Sahara zina mwanapatholojia mmoja, au hata pungufu ya hapo, kwa kila watu milioni moja. Wengi wetu hapa nchini tuko Dar es Salaam na kwenye hospitali za kanda. Madaktari vijana wanaliona hilo na wanaogopa. Wananiambia waziwazi: Dada, nikisomea magonjwa ya wanawake nitafungua kliniki jioni, nikisomea patholojia nitafungua nini? Wengine wanasoma kwa kujilipia, hawana mwajiri, na miaka yote mitatu wanafanya kazi za hospitali bila mshahara, huku utafiti wa tasnifu nao wakiugharimia wenyewe. Siwalaumu wanaochagua njia nyingine. Mtu ana watoto, ana wazazi.

Serikali imeonyesha inaweza. Ufadhili wa kusomesha mabingwa na wabobezi uliopewa jina la Rais Samia umewatoa madaktari wengi wilayani na kuwapeleka masomoni. Naomba patholojia itengewe nafasi zake humo mapema, zisisubiri mabaki baada ya fani zinazojulikana kugawana. Na mkataba wa anayesomeshwa utaje hospitali atakayorudi, chumba atakachokuta, na mashine zitakazokuwamo.

Najua nitaambiwa ni gharama, na kwamba vinyama vikusanywe tu vipelekwe hospitali za kanda. Vinapelekwa, na vingine ninavisoma mimi. Usafiri ukiimarishwa nitashukuru. Lakini kuna majibu yasiyopanda gari. Daktari wa upasuaji akiwa amemfungua mgonjwa tumbo, anataka kujua sasa hivi kama anachokiona ni saratani na kama kingo alipokata zimesalimika. Kinyama kinagandishwa kwa baridi, kinakatwa, kinatiwa rangi na kusomwa kwa dakika kama ishirini, mgonjwa akiwa bado mezani. Huduma hiyo inataka mtu aliyeko jengo hilohilo. Tena daktari wa upasuaji aliyezoea kufanya kazi na mwanapatholojia jirani hujifunza kujaza fomu vizuri, kwa sababu asipojaza nitamfuata wodini.

Wapo pia wanaosema kompyuta zitasoma slaidi. Nazikaribisha, na picha za slaidi ninazowatumia wenzangu wa mbali kuomba ushauri zimeshaniokoa kwenye kesi ngumu. Bado slaidi lazima ikatwe na mtu, kutoka kwenye kinyama kilichotunzwa na mtu.

Halafu kuna hasara tunayoipata bila kuiandika popote. Tamoksifeni ni kidonge cha bei nafuu, na kwa mwanamke ambaye saratani yake ya titi ina vipokezi vya estrojeni kinapunguza sana uwezekano wa ugonjwa kurudi. Ambaye saratani yake haina vipokezi hivyo hakimsaidii. Tofauti hiyo haionekani kwa macho wala kwa kupapasa. Inaonekana kwenye slaidi iliyotiwa rangi maalumu, na vitendanishi vyake vikiisha stoo, daktari wa zamu anabaki kubahatisha. Tunajitahidi kununua dawa, tunajenga majengo ya mionzi, na kipimo kinachosema nani apewe nini tunakiachia bahati.

Kwa daktari kijana anayesoma hapa akiwa amemaliza utarajali: njoo ukae nasi wiki moja kabla hujaamua. Uliza idara yoyote ya patholojia, hawatakufukuza. Kaa upande wa pili wa hadubini, ueleze unachokiona. Ukiona kazi hii inakufaa utajua, na nchi ina kazi ya kukupa kwa maisha yako yote.

Na kwa mganga mkuu wa mkoa anayepanga majina ya kwenda masomoni mwaka huu: weka jina la daktari mmoja kwa ajili ya patholojia, weka na la mteknolojia mmoja kwa ajili ya histolojia, yaani kazi ya kutayarisha slaidi. Mashine ya kukatia bloku iingie kwenye bajeti ya mwaka wa pili wa masomo yao, ili wakirudi waikute imefungwa na inafanya kazi. Wakati tukiwasubiri, vyumba vya upasuaji vya mkoa wako vipewe makopo yenye mdomo mpana na fomalini ya kutosha. Hayo hayahitaji kusubiri miaka mitatu.