Peabody: Makaa yachimbwa, wanahisa waambulia patupu

WALIOKUWA na hisa za kampuni ya makaa ya mawe ya Peabody Energy ya Marekani hadi Aprili 2017 hawakupata hata senti moja kampuni hiyo ilipotoka mikononi mwa mahakama ya ufilisi. Hisa zao zilifutwa, zikatolewa mpya, na wadai ndio waliokabidhiwa kampuni. Wakati wote huo migodi haikufungwa. Treni ziliendelea kubeba makaa kutoka Wyoming kwenda kwenye mitambo ya kufua umeme kana kwamba hakuna lililotokea.

Wanunuzi wengi wa hisa hudhani kwamba maadamu kampuni ina mali ardhini, mwenye hisa naye ana kitu mkononi. Katikati yake kuna deni, na mwenye hisa ndiye wa mwisho kwenye foleni.

Peabody, iliyoanzishwa Chicago mwaka 1883 na sasa ina makao yake makuu St. Louis, iliingia soko la hisa la New York mwaka 2001. Katikati ya 2008 hisa yake moja iliuzwa kwa zaidi ya dola 80. Kishindo kilianza mwaka 2011. Mafuriko ya Queensland, Australia, yalikuwa yamekwamisha migodi, China ilikuwa ikitaka chuma, na makaa ya kuyeyushia chuma yalifika dola 330 kwa tani. Ni mwaka huo huo Peabody ilipoinunua Macarthur Coal ya Australia kwa karibu dola bilioni 5, sehemu kubwa ikiwa fedha za mkopo.

Mkulima anaijua hesabu hii. Ukikopa kununua shamba la jirani msimu ambao bei ya zao iko kileleni, bei ikigeuka shamba litabaki, lakini marejesho ya benki hayangoji. Mwanzoni mwa 2016 tani ile ile ilikuwa imeshuka hadi karibu dola 80. Huko Marekani kwenyewe, gesi ya bei nafuu ilikuwa ikiyaondoa makaa kwenye mitambo ya umeme. Kwa mwaka 2015 pekee riba ilikula zaidi ya dola milioni 400, na hasara ikafika karibu dola bilioni 2.

Mwishoni mwa Septemba 2015, hisa zikiwa zimebaki juu kidogo ya dola 1, kampuni iliunganisha kila hisa 15 kuwa 1. Aliyetazama bei tu gazetini angeweza kudhani zimepanda. Aprili 2016 Peabody ikaomba ulinzi wa mahakama, ikiwa na madeni na wajibu mwingine wa dola bilioni 10.1.

Hisa mpya nazo hazikutulia. Moto uliozuka mwaka 2018 katika mgodi wa North Goonyella, Queensland, ulikata mapato. Mwaka 2020 thamani ya mgodi wake mkubwa wa North Antelope Rochelle ilipunguzwa vitabuni kwa dola bilioni 1.4, na hisa zikaanguka chini ya dola 1. Kisha Urusi ikaivamia Ukraine mwaka 2022, bei ya makaa ikaruka, hisa zikavuka dola 30 na faida ya mwaka huo ikawa karibu dola bilioni 1.3. Si kwamba uongozi ulikuwa umegundua njia mpya ya kuchimba.

Novemba 2024 Peabody ilirudi Australia, ikakubali kununua migodi ya makaa ya chuma ya Anglo American kwa dola bilioni 3.8. Soko lilikumbuka ya 2011; hisa zikashuka. Machi 31, 2025 gesi iliwaka ndani ya mgodi wa Moranbah North, uliokuwa kiini cha mauzo hayo, kazi zikasimama, na Agosti Peabody ikajitoa. Anglo American ilikataa kwamba tukio hilo linatosha kuvunja mkataba, ikatangaza kwenda kwenye usuluhishi.