TAHARIRI: NGITILI YA KIJIJI ISIGAWANYWE



Hoja imeletwa tena, nayo itasomwa mkutanoni: ati ngitili ya kijiji ikatwe vipande, kila mwenye uwezo wa kuzungushia minyaa achukue chake. Wenye hoja wanasema ngitili za watu binafsi zimestawi, ya kijiji inaisha. Hilo ni kweli, tumekwenda tukaona. Upande wa mashariki ni visiki vitupu na tanuru za mkaa. Lakini dawa waliyoileta siyo.

Tukumbushane. Zamani hapa Usukumani wenye mifugo walikuwa na ngitili zao. Mvua zikianza inafungwa, kiangazi kikikaza inafunguliwa, ndama na maksai wanapona. Ilipofika Operesheni ya 1974 na 1975 watu wakahamishiwa vijijini. Shule na zahanati zilisogea, hatukatai. Ngitili zikabaki kwenye mahame. Mwenyewe hayupo, na kijiji kipya hakikumkabidhi mtu. Basi aliyewahi ndiye aliyekata. Mashamba ya pamba nayo yakala zake. Mwaka 1986, Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, ngitili zilizojulikana mkoani zilikuwa kama hekta 600 tu.

Miti haikurudi kwa hotuba (na sisi wa Chama hotuba tunazipenda). Ilirudi watu walipojua eneo ni lao, sheria wanaweka wenyewe, na mkosaji anahukumiwa na dagashida. Visiki na mizizi iliyobaki ardhini ikachipua yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 hesabu ilipita hekta 300,000, nyingine za mtu mmoja mmoja, nyingine za vijiji na shule. Sasa nani anasema mali ya wengi lazima ife? Inayokufa ni ile isiyojulikana nani aingie na nani azuie.

Tukigawa, asiye na ng'ombe atapata nini? Mjane anayekata nyasi za kuezeka na kuokota kuni atabisha hodi kwa nani? Na mwenye kipande akibanwa na shida ya fedha, si atachoma mkaa?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Sheria ya Misitu ya 2002 inaturuhusu kutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji, wenye sheria ndogo zake. Tuanzie hapo.

Kinachoiua ngitili yetu hasa ni faini. Mtu anakamatwa, analipa, halafu fedha hazionekani tena. Sungusungu wanalinda usiku bila hata sabuni. Tunataka kila faini iandikwe hapa ukutani: kiasi, tarehe, na imetumika wapi.

Mkutano ni Jumamosi saa nne asubuhi, mbele ya ghala la Ushirika. Wenye ng'ombe wasije peke yao. Akina mama waje, maana kuni ni zao.