Waya wa Vipaza Sauti
Tulipokuwa tukifunga vipaza sauti msikitini kwetu tulinunua rola ya waya rahisi, mwekundu kama shaba. Fedha zenyewe zilikuwa za mchango. Sauti ikawa hafifu nyuma, waliko akina mama. Fundi alipoukwaruza waya kwa kisu tukaona ndani mweupe: kumbe ni aluminiamu iliyovikwa shaba! Aluminiamu hupitisha umeme kwa kadiri ya asilimia 61 tu ya shaba, tena hukatika upesi ikikunjwakunjwa.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujalipa uinue mkononi, kwani shaba huizidi aluminiamu uzito zaidi ya mara tatu. Kisha omba ruhusa ukwaruze ncha. Muuzaji akikataa, yafaa uende duka jingine. Habari za soketi za ukutani tutaziandika mwezi ujao, Inshaallah.