Uzee wa Sauti na Ujira wa Mwenyewe



Umezuka mtindo huko Ulaya na Marekani, na huenda mwanao ameshauingiza nyumbani kwako. Bendi hukusanyika kurekodi santuri mpya, na sharti lao kubwa ni kuwa isikike kama ya zamani. Hutafutwa maikrofoni kuukuu, na vikuza sauti vyenye vile vitaa vya kioo vilivyokuwa ndani ya redio za wazee wetu. Hupiga wote pamoja chumba kimoja, na kosa dogo likitokea huachwa. Kisha watu husifu: hii ndiyo sauti ya asili!

Ya uhalali na uharamu wa ngoma leo siyasemi, yana mahala pake. Nauliza moja tu: huo uzee unaouzwa ni mali ya nani?

Itwae santuri iitwayo Blue & Lonesome. The Rolling Stones waliirekodi London kwa siku 3 tu, Desemba 2015, ikatoka 2016, na mwaka 2018 ikapata tuzo ya Grammy. Nyimbo zake 12 zote ni za blues, muziki wa Wamarekani weusi, na zote za watu wengine. Kinachotangulia mara nyingi ni harmonika, kile kinanda kidogo cha mdomo, akipuliza Mick Jagger. Nyimbo 4 kati ya hizo, pamoja na ule ulioipa santuri jina, zilikuwa zimekwisha rekodiwa zamani na Marion Walter Jacobs wa Louisiana, maarufu kwa jina la Little Walter.

Na huyu Walter hakutafuta uzee hata kidogo! Magitaa ya umeme yalikuwa yakiifunika harmonika yake. Basi akaishika pamoja na maikrofoni ndogo ndani ya viganja, akaziba, na kikuza sauti kikatoa mlio mnene wenye mkwaruzo ambao watu hawakuuzoea. Ulikuwa upya mtupu. Juke, aliyoirekodi mwaka 1952, ilikaa wiki 8 juu kabisa katika orodha ya Billboard ya muziki wa watu weusi. Mkwaruzo ule ndio leo waitwa ukale.

Utaniambia: lakini hao wa London waliwataja wenyewe. Kweli, waliwataja, nami siwaiti wezi. Ila hawakuwa hivyo wote. Willie Dixon, mtunzi wa nyimbo 2 katika santuri hiyo hiyo, ilimbidi mwaka 1985 awashitaki Led Zeppelin kwa wimbo wao Whole Lotta Love wa 1969, akidai kuwa umetokana na You Need Love, alioutunga yeye na kurekodiwa na Muddy Waters mwaka 1962. Walipatana mwaka 1987 na jina lake likaongezwa. Na kabla ya hapo, miaka ya 1970, yeye na Muddy Waters walikuwa wameishitaki Arc Music, iliyosimamia haki za nyimbo zao, kwa malipo waliyoyaona haba.

Watu wazima, wenye jina duniani, wanakwenda mahakamani kudai jasho lao, na sisi twabishana kuhusu maikrofoni! Muulize mpenzi wa santuri hizi, atakueleza vitaa na tepu mpaka uchoke. Muulize nani alitunga, atakutazama. Mshona kofia humwambii kuwa mkono wake ni mzuri, kisha ukaivaa ukaenda zako.

Basi mwanao akija na santuri ya namna hii, igeuze nyuma, msome pamoja yale majina ya herufi ndogo. Mwambie akutafutie ni nani hao, na walilipwaje.

Little Walter alikufa Chicago mwaka 1968. Kaburi lake lilikaa bila jiwe la jina mpaka mwaka 1991, wapenzi wa muziki wake walipomwekea. Miaka yote hiyo 23, wapigaji walikuwa wakijifunza kumwiga.