Sauti nane, mfuko mmoja



Juma lililopita tulirekodi nyumbani wimbo wa arusi ya binti ya mwenzetu: sauti nane na gitaa, kila moja kwenye pisti yake. Kila pisti niliiwekea mwangwi wake. Ordinatere yetu ya zamani ikakwama, umeme nao ukakatika. Kazi ya siku nzima ikapotea.

Mwaka 1952, pale Likasi, Hugh Tracey alirekodi Mwenda Jean Bosco akipiga «Masanga» peke yake na gitaa yake. Sisi tuko wengi, lazima tupange.

Tufanye kama likelemba: kila mama analeta yake, mfuko ni mmoja. Katika programu ya REAPER, fungueni pisti mpya juu ya zingine, muiite «Sauti», muigeuze kuwa folda, kisha mvute zile nane ndani yake. Mwangwi wekeni kwenye folda, mara moja tu. Ordinatere itapumua. Sauti zikifunika gitaa, mtazishusha pahali pamoja, si pahali nane.

Na kila mkimaliza ubeti, hifadhini kazi.

Arusi ni jumamosi. Tunaanza upya kesho, saa nane mchana.