Kadi Ni Ile Ile? Thubutu!

Mhariri wa video akitafuta mashine ya kazi, hakosi wa kumwambia achukue laptopu ya michezo: kadi yake ya picha ni ile ile ya kompyuta ya mezani, tena ataweza kutembea nayo. Ushauri huu umeshawagharimu wengi.

Chukua RTX 4090 ya NVIDIA. Ya mezani ilitoka Oktoba 2022, ya laptopu ikafuata mwanzoni mwa 2023. Ya kwanza ina viini 16,384 na kumbukumbu ya GB 24. Ya pili ina viini 9,728 na GB 16, kwa kuwa chipu yake ni ya ukoo wa RTX 4080 ya mezani. Moja hutumia hadi wati 450, nyingine huishia 150 au 175. Kampuni huongeza neno “laptopu” mwishoni mwa jina, muuzaji hulimeza.

Fizikia haina huruma. Kasha lenye unene wa sentimita mbili halina pa kupeleka joto la wati 450, hata feni zipige kelele namna gani. Ndiyo maana kazi ya kutoa video ndefu huanza kwa kasi, kisha mashine ikajipunguza yenyewe isiungue.

Halafu kuna suala la umri. Aliyenunua ubao mama wa AM4 wa prosesa za AMD mwaka 2017 aliweza, kwa bodi nyingi, kusasisha BIOS na mwaka 2022 akachomeka prosesa ya Ryzen 7 5800X3D, bila kugusa kasha wala pawasaplai. Mwenye MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 aliyechagua RAM ya GB 8 atazikwa nayo hiyo GB 8. Fundi wa kawaida hawezi kumwongezea. Kampuni ya Framework imekuwa ikiuza laptopu za kufunguliwa na kubadilishwa vipuri tangu 2021, ila laptopu za aina hiyo ni chache mno sokoni.

Umeme ukikatika, kweli, laptopu inaendelea huku ya mezani ikizima na kazi ambayo haijahifadhiwa ikapotea. Basi UPS iingie kwenye hesabu, pamoja na skrini, kibodi na kipanya, vitu ambavyo washabiki wa kujiundia kompyuta hupenda kuvisahau wanapotaja bei. Mwandishi wa habari anayezunguka mikoani au mwanafunzi wa hosteli anunue laptopu bila kusita. Lakini anayehariri kwenye kiti kile kile, chumba kile kile, mwaka mzima, analipia betri na bawaba asizozihitaji.

Na akishikilia laptopu, basi aulize kadi imepewa wati ngapi. RTX 4060 ya laptopu inaweza kuwekewa chini ya wati 50 katika modeli moja na 115 katika nyingine, na kibandiko cha nje hakitamwambia.